Uzi Kwenye Kitovu cha Elisha

Bibi Restuta alikuwa na imani mbili maishani. Ya kwanza ilikuwa ya kanisani, na hiyo hakuisumbua sana. Ya pili ilikuwa kwamba kazi ya sindano huonekana, na isiyoonekana haikufanyika. Kwa hiyo asubuhi ile daktari alipoondoa bandeji kwenye tumbo la mjukuu wake, Bibi Restuta alivaa miwani, akainama mpaka pua ikakaribia kugusa kitovu cha mtoto, akatazama kushoto, akatazama kulia, kisha akainuka.

"Mmemshona wapi?" akauliza.

Daktari Tasneem alikuwa mwanamke mwembamba, mwenye subira ya mtu aliyekwishazungumza na mabibi wengi. Alionyesha kwa kidole bila kugusa. "Hapo, Bibi. Chini ya kitovu. Huo mstari uliopinda."

"Mstari nauona. Nauliza nyuzi."

Elisha mwenyewe, aliyekuwa amefanyiwa upasuaji wa ngiri ya kitovu siku iliyotangulia, alikuwa amelala chali anakula biskuti. Alikuwa anakaribia miaka mitano na katika mambo ya mishono hakuwa na maoni.

Ni lazima ieleweke Bibi Restuta alitoka wapi. Kwao Kibakwe, mtu akirudi kutoka hospitali haulizwi aliumwa nini. Anaulizwa, "Nyuzi ngapi?" Nyuzi ndizo heshima ya mgonjwa. Lameck, ambaye hakuwahi kufanya jambo lolote la maana mpaka alipopigwa teke na punda, alirudi kutoka Mpwapwa na paja lenye nyuzi kumi na mbili, na tangu hapo hukaa viti vya mbele mikutanoni. Dorkasi, fundi wa cherehani ambaye meza yake inatazamana na ya Bibi Restuta pale sokoni, alijifungua watoto wake wote kwa upasuaji, na hujumlisha nyuzi za mara zote akatoa hesabu moja kubwa, ambayo hakuna anayethubutu kuipinga maana itabidi aombe kuonyeshwa. Na sasa mjukuu wa Bibi Restuta, fundi wa gauni za harusi, amepasuliwa na daktari bingwa Dodoma mjini, halafu arudi na mstari kama wa penseli.

"Kwa watoto hatupendi nyuzi za kutoa," Daktari Tasneem akaeleza. "Siku ya kuzitoa ni vita upya. Nesi anashika miguu, mama analia, mtoto anatuchukia mpaka anaoa. Kwa hiyo tumemshona kwa ndani, chini ya ngozi, kwa uzi unaoyeyuka wenyewe. Juu nimepaka gundi. Hakuna kurudi kutoa chochote."

"Gundi," Bibi Restuta akasema.

"Gundi."

"Kama ya viatu."

"Si ya viatu, Bibi. Ni ya ngozi." Daktari akasogeza kidole hadi mwisho wa ule mstari, ambapo kauzi kembamba kalitokeza, kafupi kama kope. "Na hapa pembeni nimeacha ncha ya uzi nje. Sikupiga fundo, kwa sababu ngozi ya mtoto ni laini na fundo huitoboa. Ncha hii itakauka, itadondoka yenyewe. Asiivute mtu."

Alisema "mtu", lakini macho yalikaa kwa Bibi Restuta muda mrefu kuliko yalivyokaa kwa wengine.

Asije mtu baadaye akasema Bibi hakusikia. Aliyasikia yote, tena vizuri, akayaweka pale anapoweka maneno ya wateja wanaoleta kitenge cha mita mbili wakitaka gauni la mita nne. Kilichomuuma zaidi ni kwamba huyu Tasneem alimfahamu tangu akiwa msichana wa shule, akifanya kazi zake za nyumbani juu ya kaunta ya baba yake, kwenye duka lile la mjini ambako Bibi alinunua zipu na lesi miaka nenda rudi. Mtoto amekulia katikati ya nyuzi za kila rangi, leo anaacha uzi unaning'inia.

"Mama," Angelina akasema kutoka upande wa pili wa kitanda. "Umesikia? Kidonda kisiguswe."

Angelina alikuwa binti pekee wa Bibi Restuta na mama yake Elisha. Alifanya kazi katika moja ya wizara kule Mtumba, kazi ya kuandika mihtasari ya vikao, na hata maishani alisikiliza watu kama vile baadaye atawasomea walichosema.

"Nimesikia. Mimi si kiziwi."

"Hata ile mara ya sarafu ulisikia."

Bibi Restuta akageukia makombo ya biskuti kitandani, akaanza kuyakusanya. Elisha alizaliwa na kitovu kinachotokeza, na wakati ule Bibi alifanya kama walivyofanyiwa watoto wote wa ukoo wake: alichukua sarafu ya shilingi mia mbili, akaiweka juu ya kitovu, akaifunga kwa kipande cha kanga. Kitovu hakikurudi ndani. Mtoto alipata kidonda cha mviringo ambacho ungekitazama kwa makini ungeweza kusoma thamani yake. Tangu siku hiyo Angelina alikuwa na neno moja kwa ajili ya mama yake, na neno hilo ni kugusagusa.

Na safari hii kugusagusa kulikuwa na adhabu yake. Likizo ya Angelina ilikuwa imekwisha, na mumewe, dereva wa malori, alikuwa barabara ya Kigoma. Mtu wa kukaa na mtoto alihitajika, kwanza mpaka kidonda kipone, halafu mpaka shule zifunguliwe Januari. Wagombea walikuwa wawili: Bibi Restuta wa Kibakwe, na mama mkwe, Bibi Ruthu wa Hombolo, mkulima wa zabibu, mwanamke asiyepaza sauti na anayesali hata kabla ya kumimina chai. Angelina alikwishatoa uamuzi wake kwenye korido ya hospitali. "Mama, nakuachia wewe kwanza. Kidonda kikipona salama, mnakwenda wote Kibakwe. Ukigusagusa, nampigia Mama Ruthu aje amchukue."

Bibi Restuta alikuwa amekwisha kununua kitanda kidogo. Kilikuwa pale Kibakwe, pembeni ya cherehani, kimetandikwa. Tangu mumewe afariki, jioni zote nyumbani mwake kilichokuwa kinasema ni ile cherehani tu, na ikinyamaza hata yeye alisikia anavyomeza mate. Alimtaka yule mtoto kuliko alivyotaka kitu chochote, na kwa kuwa hakuwa mtu wa kusema mambo ya namna hiyo, alikuwa amewaambia watu wa sokoni kwamba anamchukua ili kumsaidia Angelina.

Wakarudi Ihumwa, kwenye nyumba ya kupanga ya Angelina. Asubuhi iliyofuata Angelina akaenda kazini, na simu zikaanza.

"Nyuzi ngapi?" akauliza katibu wa kwaya.

"Saba," akajibu Bibi Restuta, bila hata kuweka chini bakuli la uji.

Saba haikuwa namba ya aibu. Lakini mtu wa pili aliyepiga alikuwa amekwisha kuambiwa tisa na mtu wa kwanza, na Bibi hakuona sababu ya kumfanya katibu wa kwaya aonekane mwongo. Mpaka mchana Elisha alikuwa amefikia nyuzi kumi na tatu, akiwa amempita Lameck na punda wake, na yeye mwenyewe alikuwa sakafuni anaendesha gari la kopo.

Ndipo akapiga Dorkasi, tena kwa video, akaanza kwa salamu ya Kigogo.

"Mbukwa, Restuta. Nionyeshe mtoto."

"Amelala."

"Namwona nyuma yako anasukuma kopo."

Hakukuwa na pa kukimbilia. Bibi Restuta akamwita Elisha, akainua fulana yake, akasogeza simu. Alitumaini mtandao wa Kibakwe ungefanya kama kawaida yake na kukatika. Siku hiyo mtandao ulikuwa mzuri kuliko siku zote tangu mnara ujengwe.

Dorkasi alitazama muda mrefu. "Mbona sioni kitu?"

"Wamemshona kwa ndani. Ni utaalamu mpya."

"Kwa ndani." Dorkasi alilitamka taratibu, kama mtu anayeipanga sentensi yake ili ifike sokoni ikiwa nzima. "Sasa Restuta, wewe mwenzangu ni fundi. Kule pembeni, huo uzi je? Mbona wameuacha unaning'inia? Hiyo kazi ungeipokea kwa mwanafunzi wako?"

"Utadondoka wenyewe. Daktari amesema."

"Haya. Mimi niliposhonwa, walimaliza kazi yao."

Simu ikakatwa. Bibi Restuta akakaa kwenye kochi na kujaribu kufikiria mambo mengine. Akafikiria mboga za jioni, akafikiria bei ya mafuta ya taa. Lakini Elisha alikuwa amelala chali kwenye mkeka, fulana juu, amechoka na gari lake, na ule uzi ulikuwa pale. Mtu ambaye hajawahi kushona hawezi kuelewa. Uzi unaoning'inia kwenye kazi iliyokwisha ni kama mlango uliosahaulika wazi usiku. Unaweza kujilaza, lakini usingizi hutaupata.

Nia yake ilikuwa kuukata tu, basi. Si kuuvuta, kuukata, na kuukata si kuvuta, hilo hata Angelina angelikubali katika muhtasari. Na alijiandaa kama mtu mwenye akili: alinawa kwa sabuni mpaka kwenye viwiko, akachukua mkasi wake mdogo wa kukatia nyuzi, akaumwagia maji yaliyochemka, akaukausha kwa kitambaa alichokipiga pasi. Muuguzi yeyote angempa alama nzuri mpaka hapo.

"Mume wangu," akamwambia mjukuu wake, "tulia hivyohivyo. Mkeo anaweka mambo sawa."

"Inauma?"

"Hata hutajua."

Tatizo lilikuwa mkono. Fundi hakati uzi uliolegea. Huushika kwanza kwa kidole gumba na cha shahada, huuvuta kidogo ukakaza, ndipo mkasi unapita chini kabisa pasibaki kitu. Mkono wa Bibi Restuta ulikuwa ukifanya hivyo tangu ujana wake bila kumwomba ruhusa, na hata siku ile haukuomba. Ulishika. Ukavuta.

Uzi ukaja. Haukuwa na fundo popote, daktari alikuwa amesema kweli, kwa hiyo ukaja kwa utiifu wote, unateleza kama uzi wa bandi, ule wa kushikizia kwa muda, unapotolewa kwenye pindo. Ile gundi ya juu ikapasuka kama ganda la kitunguu. Kabla akili ya Bibi haijaufikia mkono wake na kuuamuru uache, kona ya mstari ilikuwa imefunguka, upana wa tundu la kifungo cha shati, na ndani palikuwa pekundu. Tone moja la damu likatoka, likateremka polepole kuelekea ubavuni.

Elisha aliinua kichwa akatazama tumbo lake. "Bibi, umefungua."

Bibi Restuta aliona kitanda kile kidogo cha Kibakwe kikibebwa kwenda kuuzwa. Alimwona Bibi Ruthu wa Hombolo akisali juu ya chai, na Elisha pembeni yake amefumba macho kwa adabu. Na chini ya hayo yote, mahali asipopenda kuchungulia, aliona tone lile la damu na kujua kwamba limetoka kwa mkono wake, na kwamba mtoto alikuwa ametulia kwa sababu alimwamini.

Lakini mtu hamalizi miaka yote hiyo kwenye ufundi bila kujifunza kurekebisha kabla mteja hajarudi. Daktari alisema gundi. Gundi anayo. Alitembea nayo siku zote kwenye mkoba kwa ajili ya kubandikia shanga kwenye gauni za harusi na, ndiyo, soli za viatu. Supa gluu. Akaitoa. Kitubu kidogo, na ya hospitali bila shaka ilitoka kwenye kitubu kidogo vilevile. Mkasi ungali mkononi, akauingiza ncha kwenye mdomo wa tubu uliokuwa umekauka, akaiminya, haikutoka, akaiminya tena huku anapiga magoti kando ya mkeka.

"Bibi," Elisha akasema, "hiyo si ile ya viatu?"

"Ni ya viatu."

"Mimi si kiatu."

Alisema bila kulalamika, kama mtu anayemkumbusha mwenzake jambo analolijua. Bibi Restuta akasimamisha mkono. Akamtazama yule mtoto, akaitazama tubu, na kwa mara ya kwanza siku ile akajisikia mjinga, si kidogo. Akaurudisha mkono nyuma. Kwa bahati mbaya, wakati moyo wake unatubu, vidole vilikuwa bado vinaminya. Tubu ikapasuka kwa nyuma, gundi yote ikamwagikia kiganjani, na supa gluu ina sifa moja kubwa: haisubiri. Alipojaribu kuweka mkasi chini, mkasi ulikataa. Kidole gumba, kidole cha shahada na vishikio vya mkasi vilikuwa vimekuwa kitu kimoja.

Alitumia mkono wa kushoto kufunika kidonda kwa kitambaa kile cha pasi, na mkono huohuo kumpigia Khalidi, dereva wa bajaji wa pale kona. Angelina hakumpigia.

Khalidi alikuwa kijana wa heshima. Alisema shikamoo, akautazama mkasi, akamtazama mtoto aliyeshika kitambaa tumboni, na hakuuliza kitu njia nzima, ingawa kwenye kila taa ya barabarani alichungulia kioo kuhakikisha mkasi uko mbali na shingo yake.

"Mume wangu," Bibi akaanza walipokuwa wanakaribia mjini. "Mama yako akija, akiuliza..." Akaishia hapo. Upepo wa Dodoma ulikuwa unaingiza vumbi kwenye bajaji, akajifanya limemwingia kooni.

Kwenye lango la hospitali mlinzi akainua mkono. "Mama, mkasi hauingii."

"Na mimi sikuuleta. Umenifuata."

"Uache hapa, utauchukua ukitoka."

"Basi ukate mkono, uuweke kibandani kwako, nitaupitia."

Mlinzi akashika mkasi ili kumnyang'anya, akavuta, na Bibi Restuta akapiga ukelele uliowafanya watu wa foleni ya bima wageuke wote pamoja. Mlinzi aliuachia, akafungua lango, akaomba radhi kwa Kigogo na kwa Kiswahili.

Daktari Tasneem hakupaza sauti. Ingekuwa nafuu. Alimlaza Elisha, akafunua kitambaa, akavaa glavu, akaangalia, akabonyeza pembeni taratibu, na muda wote huo Bibi Restuta alikuwa amesimama mlangoni na mkono wake wa chuma, hapumui.

"Juu tu ndipo palipoachia," daktari akasema mwishowe. "Chini, pale ngiri ilipopitia, nilifunga kwa uzi mwingine, mnene, na huo hukuufikia. Mungu amekuona."

Bibi Restuta akatoa pumzi. "Utamshona tena?"

"Kwa tundu dogo namna hii nimwingize tena nusu kaputi? Hapana." Akasafisha kidonda, akasogeza kingo za ngozi zikakutana, akaanza kubandika vipande vyembamba vya plasta nyeupe, kimoja baada ya kingine, kukatiza ule mstari. Elisha alikunja uso mara moja tu. Vilipokamilika vilikaa sambamba, vimelingana kwa umbali.

"Hivi angalau vinaonekana," Bibi Restuta akasema.

Nesi Octavian, ambaye alikuwa amekwenda mapokezi kuazima dawa ya kuondolea rangi ya kucha, alirudi akamkalisha kwenye stuli na kuanza kumkwangua mkasi kutoka mkononi, tone kwa tone, akijitahidi sana asicheke na akishindwa.

"Bibi," Daktari Tasneem akasema, anavua glavu. "Njia za kufunga kidonda ni nyingi. Kuna uzi, kuna gundi, kuna plasta, kuna hata vibanio vya chuma. Kwa mtoto nachagua ile itakayomuumiza kidogo. Siku zote hizo sikuwahi kufikiria nichague itakayomshinda bibi yake."

"Uliacha uzi nje," akasema Bibi Restuta, lakini sauti yake haikuwa na nguvu.

"Niliacha uzi nje na nikakuambia usiguse. Nimempigia mama yake. Yuko njiani."

"Utamwambia nini?"

"Nitamwambia kidonda kiko salama. Kuhusu uzi umetokaje, mimi ni daktari wa upasuaji. Hilo si la kwangu." Akatoka, kuna mtoto mwingine alikuwa anamsubiri.

Mkasi ukaachia. Octavian akauweka kwenye sinia, akaenda zake. Bibi Restuta akabaki na mjukuu wake chumbani, anasugua vidole vilivyobaki na magamba ya gundi, na ndani ya kichwa chake anashona maneno. Alikuwa bado hajapata yanayokaa vizuri Angelina alipoingia, kitambulisho cha ofisini kinaning'inia shingoni, viatu vyekundu kwa vumbi la Mtumba.

"Shikamoo, mama," akasema kwa mazoea tu, akaenda moja kwa moja kitandani. Akafunua fulana, akaona zile plasta, akaweka kiganja juu ya tumbo la mtoto pembeni ya kidonda, akakiacha hapo. Kisha akageuka. "Daktari ameniambia uzi umetoka. Nani amevuta?"

Bibi Restuta akafungua mdomo. Ukweli ulikuwa pale, tayari, lakini mbele yake kulikuwa na kitanda kidogo kilichotandikwa, na ulimi ukapita njia nyingine. "Watoto hawa," akasema. "Si unajua mikono yao."

Halikuwa tusi wala uongo kamili. Lilikuwa jambo la kuachwa hewani tu. Lakini Elisha alilidaka. Alimtazama bibi yake, yeye anayemwita mume wangu, na Bibi akaona anafikiria, anafikiria kwa bidii kabisa, kisha akamgeukia mama yake.

"Ni mimi, mama," akasema. "Nilivuta."

Angelina akashusha pumzi. Hakumfokea. Alikaa kando yake, akamwambia kwamba kidonda hakichezewi, kwamba angeweza kuumia sana, na kwamba kwa kuwa mikono yake haisikii, itabidi ifungwe mpaka apone, usiku na mchana, apende asipende. Octavian alikuwa ameacha roli la bandeji juu ya meza. Angelina akalichukua, akaushika mkono wa kulia wa mtoto, akaanza kuzungusha bandeji kwenye kiganja, akikusanya vidole ndani. Elisha hakulia. Mkono wa kulia ulipofunikwa, akautoa wa kushoto mwenyewe, akaunyoosha mbele ya mama yake, na kungoja.

Bibi Restuta alikuwa amewahi kuaibika. Aliwahi kukata shela la bibi harusi vipande viwili siku ya harusi yenyewe. Lakini aibu ile ilikuwa ya kazi, na hii ilimshika mahali ambapo hakujua kama bado panauma. Mtoto ambaye hata vifungo vyake hajui kufunga alikuwa anabeba kosa lake, tena kwa kumpenda, na yeye mwanamke mzima amekaa kwenye stuli anatazama.

"Angelina," akasema. "Acha."

"Mama, usimtetee."

"Simtetei. Ni mimi niliyevuta." Akainuka, akaja mpaka kitandani. "Nilisema nakata tu, nikavuta. Halafu nikataka kumpaka supa gluu, na angalia." Akaonyesha vidole. "Mtoto hakugusa kitu. Mfungue."

Uso wa Angelina haukuwa na kitu cha kusoma, ule uso wa vikao. Bibi Restuta akausoma hata hivyo, akaona Hombolo. Kisha Angelina akaanza kuifungua bandeji kwenye mkono wa mwanawe, polepole, mpaka vidole vyote vikatokea, akavibusu kimoja kimoja.

Bibi Restuta akanyoosha mkono wake wa kulia, ule ule. "Funga huu," akasema.

Angelina akautazama mkono huo. Ndio uliomlea, ndio uliomshonea sare zote za shule, ndio uliofunga sarafu. Akaushika, na akaufunga kweli, bila mzaha, kuanzia kifundo mpaka ncha za vidole, mzunguko juu ya mzunguko, mpaka ukawa kama boga dogo jeupe ambalo lisingeshika sindano wala mkasi wala kitu chochote. Bibi Restuta alisimama akivumilia, machozi yanamteremka, na hakuwa na mkono wa kuyafutia maana wa kushoto ulikuwa umeshikwa na Elisha.

Angelina akachana ncha ya bandeji kwa meno, akapiga fundo, akalikaza.

"Kesho naingia kazini asubuhi," akasema. "Chakula nitakiacha mezani."

Bibi Restuta akaelewa kwamba Bibi Ruthu hatapigiwa simu.

Elisha aliutazama ule mkono mkubwa mweupe. "Sasa Bibi atakulaje?" akauliza.

"Utamlisha wewe," akasema mama yake.